Nero hakupiga fidla Roma ikiungua

Mwaka 1965, Doctor Who, tamthilia ya BBC, ilimpeleka msafiri wake wa wakati Roma ya kale. Miwani yake inakusanya miale ya jua, ramani ya Nero, Kaisari wa Roma, inashika moto, na mtawala anapata wazo la kuuchoma mji. Inachekesha kweli, ila msingi wake ni uvumi. Moto ulipozuka Julai mwaka 64 BK, Nero alikuwa Antium, kama kilomita 50 kutoka mjini. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema Nero alirudi (moto ulipolikaribia kasri lake, lakini!), akawafungulia waliounguliwa nyumba bustani zake na kushusha bei ya nafaka. Na fidla anayodaiwa kuipiga mji ukiungua? Ilikuja karne ya 16. Ala ya Nero ilikuwa kinubi.