Treni ya SGR Haisubiri: Ufafanuzi kwa Abiria wa Dodoma

Malalamiko yanayotufikia kuhusu safari za SGR, yaani reli ya kisasa ya treni za umeme, kati ya Dodoma na Dar es Salaam yana sura moja. Abiria alikata tiketi mapema, akafika stesheni treni ikiwa bado imesimama, akazuiwa getini. Wengi huongeza: "Niliiona kwa macho yangu." Hatubishi, aliiona. Lakini geti hufungwa kabla ya treni kuondoka, na mhudumu aliyepo pale hana mamlaka ya kulifungua, hata akililiwa.

Sababu yenyewe ni ya kiufundi. Sehemu kubwa ya njia kati ya miji hii miwili ni reli moja, hivyo treni zinazokutana hupishana kwenye maeneo maalumu yenye njia za pembeni. Treni ya Dodoma ikichelewa, ile inayotoka Dar es Salaam nayo husubiri mahali pa kupishana, na ya nyuma yake vilevile. Basi likichelewa kutoka stendi ya Nanenane, dereva hutafuta namna ya kufidia. Namna hiyo, tuseme ukweli, mara nyingi ni mwendokasi, na mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari unamwona. Treni ina kikomo cha kilomita 160 kwa saa na haina ujanja wa barabarani.

Kuna kosa jingine dogo linalogharimu watu safari. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Iliyoandikwa 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita mchana. Iliyoandikwa 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Soma, kisha soma tena ukiwa nyumbani, si ukiwa kwenye bajaji.

Pia taja stesheni kwa jina. Reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 bado ina stesheni yake mjini, na bodaboda ukimwambia tu "nipeleke stesheni" anaweza kukushusha pale. SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ina stesheni yake nyingine, Stesheni ya Samia Suluhu Hassan, lile jengo lenye umbo la majabali ya Dodoma. Anayeshuka basi la mikoani Nanenane aweke muda wa kutosha wa kuvuka mji.

Sasa utaratibu. Fika muda wa saa mbili kabla ya treni kuondoka. Beba kitambulisho kilekile ulichotumia kukata tiketi, kiwe cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpigakura. Jina la kwenye tiketi likitofautiana na la kwenye kitambulisho, utaelekezwa dirishani, na foleni ya dirishani haijui treni yako inaondoka saa ngapi. Tiketi ya shemeji yako aliyeahirisha safari si yako, hata kama alikupa kwa moyo safi: orodha ya abiria lazima ioneshe nani hasa yuko ndani ya behewa. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo usifunge maboksi kwa namna ambayo hayawezi kufunguliwa.

Kwa nauli zilizotangazwa mwaka 2024, mtu mzima daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma hulipa shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kusema "huyu ni mdogo, ana mwili tu" hakumsaidii mhudumu.

Nyaya za juu ya reli zina umeme wa kilovolti 25. Hilo halihitaji maelezo marefu: usivuke uzio.

Ukiona hukutendewa haki, anza kwa mtoa huduma kwa maandishi, ukiambatisha tiketi, tarehe na namba ya treni au basi. Usiporidhika, peleka lalamiko LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na uamuzi wa LATRA unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Picha ya geti lililofungwa, bila namba ya tiketi, hatuwezi kuifanyia kazi.