Usiulize Alitoka Wapi, Uliza Nani Alimpokea

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja wa Kibokoni, mtaa wa hapa Mombasa, alinijia na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nasaba ya kwao kwa hati ya mkono wa babu yake, majina tisa yakishuka kama ngazi mpaka kwake yeye. "Maalim," akaniambia, "nataka uniandikie tu kwamba sisi ndio wenyeji halisi wa hapa. Hawa majirani zetu wamekuja juzi na leo wanatupandia vichwani."

Nikaisoma nasaba kutoka chini kwenda juu. Jina la juu kabisa lilikuwa la mtu aliyeshuka jahazini akitokea Pate, kisiwa cha upande wa Lamu.

Naandika shajara, yaani miti ya nasaba, za watu wa Mombasa mwaka wa ishirini na mbili huu. Sijaona hata moja ambayo jina lake la juu halikutoka mahali pengine: Pate, Siyu, Barawa, Hadhramaut, Muskat, Bara Hindi, Shungwaya. Na karibu kila anayeniletea hutaka nimthibitishie kwamba yeye hakutoka popote, kwamba alichipuka hapa kama mbuyu. Nimeeleza jambo hili vibarazani, harusini na matangani mpaka sauti imekauka. Sasa naliandika.

Tuanze na wale ambao hakuna mtu mjini anayebishana nao juu ya uenyeji wao, yaani Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaliyogawanyika makundi mawili. Tatu Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita (Mvita ni jina la kale la Mombasa), Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Hao ndio Mombasa ya Kiswahili. Hao ndio waliokuwa wakikaa na maliwali, wakiamua vita na suluhu, na wazee wao ndio waliokuwa wakiulizwa ardhi ya nani iko wapi.

Hebu yasome majina yale tena polepole. Mpate ni mtu wa Pate. Mfaza ni wa Faza, mji ulio katika kisiwa kilekile cha Pate. Mshaka ametoka Shaka, mji uliokufa kule upande wa mdomo wa Tana. Mtwapa na Kilifi ziko bara, kaskazini ya kisiwa. Wenyeji wa Mombasa wasiobishiwa wanabeba, mchana kweupe, majina ya miji waliyotoka, na kwa mamia ya miaka hakuna aliyeona haya. Tena Pate kwenyewe huhitaji kuitwa Mpate, maana kila mtu ni wa pale na utatajwa kwa ukoo au kwa mlango wako. Jina hilo hulipati mpaka uondoke, na halikai mpaka watu wa huko ulikofika wakuite hivyo kisha wakupe baraza lako, sehemu yako ya mji na wajibu wako. Wazee hawakuona taabu kumwita mtu Mpate na papo hapo kumhesabu mwenye mji. Sisi wajukuu ndio tumefanya mambo mawili haya yagombane.

Atasimama mwingine aseme: basi wenyeji ni Mijikenda, makabila tisa jirani zetu wa pwani. Nawataja kwa heshima kubwa, kwa sababu kisiwa hiki kimeishi kwa nafaka zao na kwa ulinzi wao, na Wadigo walikuwa wamefungamana na Tatu Taifa kwa agano na biashara kabla Mwingereza hajafika. Lakini muulize mzee wa kaya, yale makao yao ya kale yaliyo msituni, atakusimulia yeye mwenyewe kwamba walitoka Shungwaya, huko kaskazini. Wataalamu hawajaafikiana kama Shungwaya ni safari iliyotokea hivyo hivyo, au ni simulizi iliyowaunganisha watu waliokuwa hapa siku nyingi. Mimi nimeyumba. Kuna miaka niliiamini yote, kuna miaka nilifikiri ni hekaya, na leo nadhani baadhi walitoka huko na wengine wakaipokea hadithi kama mtu anavyopokea jina la ukoo alioolewa ndani yake. Hata hivyo tazama kilichowafanya wenye nchi. Walifyeka, wakazika fingo, dawa ya kuulinda mji, wakalinda misitu ya kaya kwa miiko. Baadhi ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na walioilinda ni watu wasemao wazi kwamba walifika.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloniudhi hasa, na hapa nitakaa.

Kiswahili kina neno moja tu, mwenyeji. Ukifika mji usioujua ukalazwa kwa mtu, yule aliyekulaza ni mwenyeji wako. Mtu wa mji ule naye ni mwenyeji wa pale. Neno ni lilelile, na ndani yake umo mji wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: twaisema kila siku hatuisikii. Lugha yetu haikumpima mwenyeji kwa tarehe ya kufika. Ilimtambua kwa kazi yake, na kazi yake ni kupokea. Anayeweza kumpokea mtu, akamdhamini mbele ya wengine, akamwambia kisima kiko hapa na mtaa huu una desturi hii, huyo ndiye mwenye mji. Mkazi anaweza kukaa miaka arobaini asimpokee mtu hata mmoja, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Jambo hili sikulitoa kitabuni. Nilifunzwa na bibi mmoja wa Mkanyageni, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Nilikuwa nimetandika karatasi ya manila sakafuni, nimeichora nasaba ya mumewe vizuri kwa kalamu nyeusi, vizazi kumi, na nilitaka anisifu. Alikuwa na tambuu mdomoni na upepeo wa mkindu mkononi. Akauelekeza ncha ya upepeo juu ya jina la kwanza.

"Huyu kaja na nini?"

"Na kanzu yake na msahafu, bibi. Ndivyo walivyosema."

"Na usiku wa kwanza kalala wapi?"

Nikanyamaza. Akatema tambuu taratibu ndani ya kopo, akanitazama.

"Mwanangu, wewe wamwandika mtu kaingia Mvita, huandiki kalala wapi. Kuna mtu alimfungulia mlango. Mwandike huyo."

Nikapiga magoti nikaitazama ile manila. Majina kumi, yote ya wanaume, yote yameunganishwa kwa "bin". Hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila shajara ninayoishika huishia ng'ambo. Tunawaandika waliokuja, na tunawafuta waliowapokea. Ukifuata "bin" peke yake huna budi kuishia jahazini, kwa sababu aliyepanda jahazi alikuwa mwanamume, na aliyekuwa ndani ya nyumba alipofika alikuwa mwanamke.

Fikiria desturi ya nyumba zetu. Lamu na Pate, na hapa kwa koo nyingi, nyumba ya mawe hupewa binti. Bwana harusi ndiye huingia nyumbani. Yeye ndiye mgeni ndani ya kuta zile, na huenda akafa bado anaitwa mume wa fulani. Watoto wanachukua nisba ya baba, yaani jina la asili yake, ya ng'ambo, na wanakua ndani ya nyumba ya bibi mzaa mama, wakinywa maji ya kisima cha mama, wakisema lugha ya mama. Kisha mjukuu wa nne anakuja kwangu na bahasha kuniambia asili yao ni kwingine, au kinyume chake, kwamba hawakutoka kokote. Yote mawili yamemruka yule mama.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa, wengi wao katika miji ya pwani, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wakiwamo wa Mtwapa na Manda. Upande wa kikeni, takriban wote walikuwa Waafrika. Upande wa kiumeni, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Watu wawili walinijia katika juma moja na habari hiyo. Mmoja alifurahi kwamba sasa imethibitika sisi ni Washirazi, mwingine kwamba imethibitika sisi ni Waafrika. Mimi nilimkumbuka bibi wa Mkanyageni na upepeo wake. Mtwapa ni mojawapo ya Tisa Taifa, na mifupa ya Mtwapa imesema neno lilelile alilosema yeye: kuna aliyekuja, na kuna aliyefungua mlango.

Vipimo vingine ambavyo watu huniletea nitavipitia haraka. Kitovu kilikozikwa kinakwambia ulikozaliwa, basi. Lugha ni kitu kizuri, nami Kimvita, lahaja ya Mombasa, nakipenda, nataka wanangu waseme "ndia" na si "njia" tu, lakini nimeona watu wenye Kimvita safi ambao mtaa wao haujui mlango wao unafunguka upande gani. Kitambulisho ni muhimu sana, maana bila hicho hupati kazi wala huwezi kufungua akaunti ya benki, na sitasema neno la kukidharau. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakaupata, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kwale na Kilifi wakatambuliwa mwaka 2023. Nilifurahi siku zile zote mbili. Ila jirani zao Wadigo na Wagiriama walikuwa wamekwisha kuwapokea, wamekwisha kuoana nao na kuvua nao samaki, miaka mingi kabla karatasi haijatoka.

Kipimo cha kaburi ndicho kigumu. "Mtu wa bara," wanasema, "hata akae hapa miaka sitini, akifa anarudishwa kwao." Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, kisha bandari ya Kilindini ikakua, na watu wakaja kutoka kila upande wa nchi. Miaka michache nyuma nilikwenda Majengo kutafuta kiwanja palipokuwa na nyumba ya ukoo mmoja niliokuwa naandika habari zao. Mimi ni kizazi cha nane Mvita, nikapotea. Aliyenichukua mkono ni mzee mmoja ambaye baba yake alikuja kutoka upande wa Ziwa kufanya kazi ya ukuli bandarini. Alinionyesha msingi wa nyumba ulipokuwa, akaniambia nani alikaa chumba cha mbele na nani uani, akanionyesha kisima kilichofukiwa na sababu ya kufukiwa kwake, kisha akaniketisha kibarazani kwake mkewe akaleta chai na mahamri. Saa ile mgeni nilikuwa mimi, na mwenyeji alikuwa yeye. Nikamuuliza atazikwa wapi. Akacheka kidogo. "Watoto watanipeleka nyumbani," akasema, na kwa "nyumbani" alikuwa na maana ya kule. Akatazama mtaa kidogo, akaongeza: "Lakini hawa wa hapa ndio watakaonisafirisha."

Sijapata jawabu la mzee huyu. Nikifuata kanuni yangu ya kupokea, yeye ni mwenyeji kamili. Mwenyewe anasema nyumbani ni kwingine. Pengine mtu anaweza kuwa mwenyeji wa mahali asipopaita nyumbani, na pengine kanuni yangu ina tundu hapo.

Tundu jingine nalijua vizuri zaidi, nalo linaniuma. Wako walioletwa hapa bila kupokewa na mtu. Walinunuliwa. Walipewa jina la taifa la bwana wao, wakajenga kuta hizi tunazojivunia, wakanyonyesha watoto wa nyumba hizi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria pwani yetu mwaka 1907, wengi walibaki palepale na jina lilelile. Waliokombolewa baharini waliwekwa Frere Town katika miaka ya 1870, ng'ambo ya pili ya maji, mahali ambapo leo watu wanapaita Kengeleni kwa ajili ya kengele ya wamisheni. Nikiandika shajara hufika mahali uzi unakatika ghafla, na mzee aliye mbele yangu husema kwa sauti ya chini, "Hapo tuache, Maalim." Mara nyingi nimeacha. Niliona ni stara. Siku hizi naona stara ile inamsitiri bwana kuliko inavyomsitiri mtumwa, na wajukuu wao, ambao mababu zao waliujenga mji kuliko wangu, bado wanaulizwa wao ni wa wapi. Kwa hao siwezi kuuliza nani aliwapokea. Naandika walichojenga na waliyemlea, na najua haitoshi.

Basi nilimrudishia kijana wa Kibokoni bahasha yake. Nikamwambia sitaandika neno "halisi", lakini nitaandika shajara nzima akiniletea jawabu la swali moja: huyu Mpate wa juu kabisa, usiku wa kwanza alilala wapi? Alikasirika, nami sikumlaumu, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Jana alirudi. Alikuwa amempigia simu shangazi ya baba yake aliyeko Lamu, mama wa miaka tisini na kitu. Jina la mwanamke hakulikumbuka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa Mjomvu, mjane, mwenye nyumba yake mwenyewe, na kwamba Mpate alilazwa ukumbini mwake kwa sababu alikuwa na homa. Kijana alinisimulia hayo amesimama, viatu bado miguuni.

Nimechukua manila mpya na kuacha nafasi ya vidole vitatu kando ya jina la kwanza. Jumamosi, tukijaaliwa, tutakwenda Jomvu Kuu pamoja kuuliza.