Je, Wajua Kwa Nini Vitabu Huhesabu Kinyumenyume?

Ukiingia katika duka kubwa la vitabu vya mitumba, lile ambalo rafu zake zimepanda hadi darini na vilivyokosa nafasi vimelundikwa sakafuni, usihangaike kwanza na jalada. Jalada lilitengenezwa ili likuvutie. Fungua kurasa mbili tatu za mwanzo mpaka ufikie ule ambao karibu kila msomaji huuruka, wenye maandishi madogo ya hakimiliki. Chini yake mara nyingi utakuta mstari kama huu:

10 9 8 7 6 5 4 3

Basi, hakuna zaidi. Hakuna neno la kuueleza, wala hautajwi popote pengine kitabuni. Kwa nini kitabu kihesabu kurudi nyuma, tena kiishie njiani kwenye 3?

Tazama namba iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo inayosema nakala uliyoshika ilitoka katika uchapaji wa mara ya ngapi. Hapa ni chapa ya tatu. Kama 1 ingekuwepo, ungekuwa umeshika chapa ya kwanza.

Sababu ya kuhesabu kinyume imo karakana, si ofisini kwa mhariri. Kabla ya kompyuta, ukurasa ulichapwa kutoka kwenye bamba la chuma. Mchapishaji hakuweza kujua mapema kama kitabu kitanunuliwa au kitaozea ghalani, kwa hiyo alichapa idadi ya kiasi, kisha akayahifadhi mabamba. Wanunuzi wakimaliza zile nakala, mabamba yalitolewa stoo na kurudishwa mashineni. Sasa shida: ukurasa wa hakimiliki unapaswa kusema kwamba hii ni mara ya pili. Kuongeza namba kwenye bamba lililokwisha kutengenezwa ni kazi kubwa, kwani itabidi ukate na kulehemu kipande kipya, au utengeneze bamba jingine. Kufuta namba ni kuikwangua tu. Hata zilipokuja mashine za ofseti, zenye mabamba yaliyotengenezwa kutokana na filamu, kuziba tarakimu moja kwenye filamu kuliendelea kuwa rahisi kuliko kuipachika.

Kwa hiyo namba zote kumi ziliwekwa tangu mwanzo, na kila kitabu kilipochapwa tena ikaondolewa moja. Kitabu kinazaliwa na namba zake zote, halafu kinanyang'anywa moja baada ya nyingine. Naona huu ni ujanja mzuri sana, na aliyeubuni alikuwa mtu aliyeshika patasi mkononi.

Baadhi ya wachapishaji waliona mstari unaoliwa upande mmoja unaharibu sura ya ukurasa uliopangwa katikati. Wakazigawa namba: 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2. Ukiondoa 1, kisha 2, kisha 3, mstari unapungua kwa zamu kushoto na kulia, na unabaki katikati. Wengine waliongeza miaka kwa tarakimu mbili. Ukikuta 94 95 96 kando ya 7 8 9 10, hiyo ni chapa ya saba, ya mwaka 1994. Halafu kuna wakaidi. Kampuni ya Random House ya Marekani kwa miaka mingi iliandika maneno ya kutangaza toleo la kwanza juu ya mstari ulioanzia 2. Kilipochapwa mara ya pili, maneno yalifutwa na ile 2 ikabaki, sasa ikisema kweli. Wawindaji wengi wa vitabu wamerudisha rafuni hazina yao kwa kutojua hilo.

Hapa yafaa tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Toleo hubadilika pale maandishi yenyewe yanapofanyiwa marekebisho makubwa. Chapa ni kule kurudi mashineni tu, maandishi yakiwa yaleyale. Toleo moja laweza kuwa na chapa ishirini. Ndiyo maana maneno "kilitolewa mara ya kwanza 1958" hayathibitishi kwamba nakala hii ina umri huo. Yanakueleza mwaka kitabu kilipozaliwa, na nakala yako huenda ni kitukuu.

Je, kuna anayejali? Wakusanyaji wanajali sana. Mfano maarufu ni kitabu cha kwanza cha Harry Potter, kilichotolewa na kampuni ya Bloomsbury ya Uingereza mwaka 1997. Nakala za jalada gumu za chapa ya kwanza zilikuwa 500 tu. Hutambuliwa kwa mstari unaoshuka hadi 1, kwa jina la mwandishi kuandikwa "Joanne Rowling" badala ya "J.K. Rowling" kwenye ukurasa wa hakimiliki, na kwa kosa la ukurasa wa 53, ambapo fimbo ya uchawi imeorodheshwa mara mbili katika vifaa vya mwanafunzi. Makosa kama hayo kwa kawaida husahihishwa mashine inaporudiwa, na ndiyo maana kosa la uchapaji huweza kupandisha thamani ya nakala badala ya kuishusha.

Usifurahi upesi, hata hivyo. Klabu za vitabu, zile zilizowapelekea wanachama vitabu kwa posta, kama Book of the Month Club iliyoanza Marekani mwaka 1926, mara nyingine zilitumia mabamba yaleyale ya mchapishaji. Nakala zake zaweza kubeba kila dalili ya chapa ya kwanza bila kuwa ya kwanza. Kigeuze kitabu, ulivue lile jalada la karatasi, upapase pembe ya chini ya jalada gumu la nyuma, karibu na mgongo. Kikiwa na kibonyeo kidogo, huenda ni cha klabu. Kukosekana kwa bei kwenye mkunjo wa jalada la karatasi ni dalili nyingine, ingawa bei pia hukatwa kwa mkasi na mtu anayempa mwenzake zawadi.

Mstari usipokuwepo kabisa, angalia ISBN, ile namba maalumu ya kutambulisha kitabu. Uingereza ilianza na namba ya tarakimu tisa mwaka 1967, ikawa ya kimataifa yenye tarakimu kumi mwaka 1970, na tangu Januari 2007 ni kumi na tatu. Kitabu chenye kumi peke yake, basi, kwa kawaida ni cha kabla ya 2007. Na ile X unayoiona mwishoni mwa baadhi ya namba za zamani si herufi ya siri. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa ili kunasa makosa ya kunakili, na katika mfumo ule jibu liliweza kufika 10. Kwa kuwa nafasi ilikuwa moja tu, wakaazima kumi ya Kirumi.

Leo ukurasa hupangwa kwa kompyuta, na kuongeza namba si kazi ngumu tena. Wachapishaji wengi bado wanafuta moja moja kama wenzao wa mabamba. Mahali ambapo mstari umetoweka ni kwenye vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja mteja anapoagiza. Huko hakuna chapa ya pili wala ya saba, kwa sababu kila nakala ina safari yake mashineni. Ukitaka umri wa kitabu cha namna hiyo, nenda ukurasa wa mwisho kabisa, ule mtupu. Mara nyingi utakuta tarehe aliyochapiwa mwenye nakala wa kwanza, siku, mwezi na mwaka.