Hafla ndogo katika jumba la sanaa au ukumbi wa muda: maana yake

Hafla ndogo, kwa maana ya hapa, ni mkusanyiko wa watu wachache kiasi kwamba mwenyeji anaweza kumsalimu kila mgeni na kuzungumza naye kidogo: usomaji wa mashairi, uzinduzi wa kitabu, chakula cha jioni, muziki usiohitaji vipaza sauti, hata harusi. Wengi wakisikia imefanyika katika jumba la sanaa, au katika duka tupu lililokodiwa kwa siku mbili tatu, huona ni jambo lile lile. Sivyo. Jumba la sanaa hukupa mengi na kukukataza mengi. Ukumbi wa muda haukukatazi mengi, lakini haukupi karibu chochote.

Tuanze na jumba. Kabla hujafika, lina wenyewe: kazi zilizotundikwa ukutani. Wageni wasiojuana wana cha kutazama, hivyo mazungumzo huanza bila kusukumwa, na mapambo hayahitajiki sana. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini watu wako tayari kulipa.

Masharti nayo yana sababu zake. Kazi za karatasi na rangi za maji kwa kawaida huwekwa kwenye mwanga wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na michoro ya rangi za mafuta takriban 200, kwa kuwa mwanga ukizidi rangi hupauka na hazirudi tena. Kwa hiyo usitarajie kuruhusiwa kuleta taa zako kali. Kuna pia joto la watu wenyewe. Mtu aliyetulia hutoa takriban wati 100, kwa hiyo wageni 80 katika chumba kimoja ni sawa na hita ya kilowati 8, na bado hujahesabu mvuke wa pumzi na jasho. Unyevu ukipanda na kushuka ghafla, mbao na turubai hutanuka na kusinyaa, na rangi iliyo juu yake huanza kupata nyufa. Msimamizi anapokuambia mwisho ni wageni 40, huenda anahesabu haya pamoja na milango ya kutokea. Mishumaa hukataliwa kwa moto na kwa masizi, na divai nyekundu ina maadui wengi humo ndani. Mifuko ya mgongoni huachwa mlangoni, kwani mwenye nao hugeuka bila kujua umegusa nini.

Kasoro moja ya majumba haya haisemwi sana: mwangwi. Kuta ngumu na sakafu ya saruji hurudisha kila sauti, na watu 30 wakizungumza kwa pamoja husikika kama 60. Hotuba ziwe fupi, na kama kuna muziki, gitaa moja latosha.

Ukumbi wa muda ni mahali palipokuwa na kazi nyingine: ghala, karakana, duka lililofungwa. Wasanii wamezitumia nafasi za namna hii tangu zamani. Mwaka 1874 Monet, Renoir, Degas, Berthe Morisot na wenzao, waliochoka kutegemea maonyesho rasmi ya Paris, walionyesha kazi zao kwa mwezi mmoja katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Mwaka 1993 Tracey Emin na Sarah Lucas walifungua duka mashariki mwa London, wakauza vitu walivyotengeneza wenyewe, na baada ya miezi sita likafungwa. Kwamba mahali patatoweka ni sehemu ya mvuto. Mgeni hawezi kusema atakuja mwezi ujao.

Kodi ya chini ya ghala ndiyo hudanganya watu. Viti, taa, maji, choo, mtu wa kusafisha, bima, pengine hata umeme, vyote ni juu yako, na jumla inaweza kupita bei ya jumba lenye kila kitu. Kabla ya kulipa, uliza kama jengo linaruhusiwa kisheria kupokea umma, kwani kibali cha ghala ni cha kuhifadhi mizigo, na uangalie kwa macho yako mlango wa pili wa kutokea. Uliza pia saa za kukodi zinaanza lini. Mara nyingi kupanga na kufungasha huhesabiwa ndani yake, hivyo saa sita za mkataba zinaweza kukuachia tatu tu za kukaa na wageni.