Kwa Nini Kijana Huamka Amechoka Hata Akilala?

Shule nyingi za bweni nchini Kenya haziruhusu simu. Msako hufanywa, masanduku hufunguliwa, na simu ikipatikana mwenyewe huitiwa mzazi. Hata hivyo, chungulia darasa la kidato cha tatu saa nane mchana, iwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, utakuta vichwa vimelalia madawati. Simu ndiyo mshukiwa wa kwanza katika kila mkutano wa wazazi, na kweli ina makosa yake. Lakini hawa wasio nayo, wamechoshwa na nini?

Sababu ya kwanza iko kichwani mwao, na hawakuichagua. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, pana kundi la seli zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Hupokea habari za mwanga kutoka machoni, kisha huamua lini joto la mwili lishuke na lini tezi ndogo ya ubongoni ianze kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Ugunduzi wa jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya namna hiyo ndio uliowapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Mtoto akibalehe, saa hiyo huanza kuchelewa. Melatonini iliyokuwa ikitoka mapema jioni sasa hutoka saa moja au mbili baadaye, pengine zaidi. Mwaka 1993 mtafiti Mmarekani Mary Carskadon na wenzake walionyesha kwamba kadiri balehe inavyosonga mbele, ndivyo mtoto anavyopenda kukesha na kuchelewa kuamka. Jambo la pili linahusu adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni tunapokuwa macho na kuyafanya macho kuwa mazito. Kwa kijana, hamu hiyo ya usingizi hujengeka polepole. Ndiyo maana mdogo wake wa gredi ya tatu hubebwa kutoka kwenye kochi saa mbili usiku kama gunia la mahindi, na yeye saa tano bado macho makavu. Ukimlazimisha kulala saa hizo atagaagaa tu kitandani.

Huku kwetu hatuwezi hata kusingizia jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, ule mstari unaokata barabara ya Busia pale Maseno, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni. Hakuna jioni ndefu za kiangazi kama za Ulaya, na bado vijana wetu huchelewa kupata usingizi. Balehe ni ileile.

Kuchelewa peke yake kusingekuwa tatizo kama asubuhi nayo ingesubiri. Haisubiri. Tumchukue msichana wa shule ya kutwa anayeishi mtaa wa Manyatta, Kisumu. Anaamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, anaoga, anawahi matatu kabla msongamano haujaanza Kondele. Jioni anafika nyumbani saa kumi na mbili, anachota maji, anasonga ugali, anaosha vyombo, na saa tatu ndipo anafungua daftari. Anazima taa saa tano na robo. Hesabu inatoka saa tano na nusu za kulala. Wataalamu wa usingizi husema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi. Kwa hiyo kila usiku anakosa saa mbili na nusu kwa uchache, na kufika Ijumaa deni limekuwa saa kumi na mbili na nusu. Huo ni usiku mmoja mzima na ushei, na hakuna mtu nyumbani aliyeona akikesha.

Jumamosi analipa kidogo kwa kulala hadi saa tano asubuhi. Baba anapita sebuleni akinung'unika kuhusu kizazi hiki. Ubaya ni kwamba kulala hadi saa hizo kunaichelewesha saa ya mwili zaidi, kwa hiyo Jumapili usiku usingizi haupatikani, na Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote. Afadhali aamke saa moja au mbili tu baada ya muda wake wa kawaida, atoke nje apate mwanga wa asubuhi, kisha apewe usingizi mfupi wa mchana.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa unusu alasiri, na wanafunzi wa bweni wawe kitandani kuanzia saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zikifuatwa, ni saa nane na nusu. Sasa muulize mwanao kengele ya asubuhi hulia saa ngapi. Kule Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria, ikaanza kutumika mwaka 2022, kwamba shule za sekondari zisianze kabla ya saa mbili unusu asubuhi, kwa sababu hii hii ya miili ya vijana. Sisi bado tunaamini anayeamka saa kumi ndiye atakayepita mtihani, ilhali ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana mtu anapokuwa amelala.

Kwenye kukesha huko kuna chai. Kafeini haiongezi nguvu yoyote; hukalia tu zile nafasi ambazo adenosini ingekaa, ubongo usisikie uchovu ulionao. Nusu ya kafeini uliyokunywa hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Chai kali ya saa nne usiku, basi, nusu yake bado inafanya kazi saa tisa usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kioski vina kafeini nyingi kuliko kikombe cha chai, na muguka, ambao vijana wengine wameanza kuutafuna, ni kichangamshi pia.

Lakini si kila uchovu ni deni la usingizi. Likizo ya Agosti au Desemba inaweza kukusaidia kutofautisha. Mwache kijana alale vya kutosha kwa wiki mbili, kazi za nyumbani zigawanywe, chai ya usiku iondolewe. Akichangamka, umepata jibu lako. Akilala kwa muda wa saa tisa na bado anaamka amelegea, akipanda ngazi moyo unamdunda, akiacha mpira aliokuwa akiupenda kwa sababu pumzi inakata, hapo mtazame kwingine. Na katika eneo la Ziwa Victoria, pa kuanzia ni damu.

Ukikaa kwenye benchi la kituo chochote cha afya utayasikia mazungumzo ya namna hii. Muuguzi anavuta kope la chini la msichana, anatazama utando wa ndani ambao ungepaswa kuwa mwekundu, anauona umepauka. Anamgeukia mzazi: "Mama, huyu mtoto hedhi yake huchukua siku ngapi?" Mama anatazama kando. "Sista, hayo muulize mwenyewe." Na mwenyewe anajibu kwa sauti ya chini: "Siku tisa. Sodo nabadilisha kila baada ya saa moja." Hedhi inayopita siku saba, au inayolowesha sodo kwa saa moja au mbili, ni nyingi kupita kiasi, lakini msichana atajuaje ikiwa hakuna aliyemwambia ya kawaida ni ipi? Kila mwezi anapoteza madini ya chuma mengi kuliko anayoyala. Bila chuma mwili hautengenezi hemoglobini ya kutosha, na hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Kwa msichana, kipimo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Zaidi ya hapo, upungufu wa chuma huweza kuleta ile hali ya miguu kutotulia usiku, mtu akijisikia lazima aisogeze kila mara, kwa hiyo hata usingizi wenyewe unakuwa wa mang'amung'amu.

Wavulana nao hawajaponyoka. Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na kandokando ya Ziwa Victoria kijana aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni huwa amejenga kinga nusunusu: anaweza kutembea na vimelea bila homa, damu ikipungua taratibu. Minyoo ya safura hukaa kwenye utumbo na kunyonya damu. Kichocho huingia kupitia ngozi ya mtu anayeoga, kuvua au kufua ziwani, kwa hiyo kijana wa Dunga au Usoma anayesaidia kuvuta nyavu aulizwe kuhusu maumivu ya tumbo na damu kwenye choo. Dawa za minyoo hugawiwa zaidi kwa watoto wa shule za msingi. Wa sekondari husahaulika kirahisi.

Kuna pia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari mtarajiwa aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini na kuona kwamba chembe za urithi za ugonjwa huu zimejaa pwani na karibu na Ziwa, na ni haba milimani. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mwenye kurithi jeni moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Huyo wa jeni moja kwa kawaida hana shida. Mwenye kurithi mbili huwa na upungufu wa damu wa kudumu na maumivu ya mifupa, na wapo wanaofika ujana bila kupimwa. Ndiyo maana sipendi tabia ya kununua vidonge vya chuma dukani kabla ya kupima: damu ikipungua kwa sababu nyingine, chuma hakitaitibu, na tatizo lenyewe linazidi kukua.

Chakula kina nafasi yake, na bahati nzuri huku hatuhitaji kitu cha ajabu. Omena ina chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi. Managu, mchicha na majani ya kunde yana chuma pia, ila hiki huchukuliwa kwa shida, na hapo ndipo limau au chungwa husaidia, maana vitamini C hukifungulia njia. Chai hufanya kinyume: inywewe pamoja na mlo na itazuia sehemu kubwa ya chuma cha mboga. Isogezwe saa moja mbele au nyuma ya mlo, inatosha.

Kitanda chenyewe kichunguzwe. Ili mtu alale, joto la ndani la mwili lazima lishuke kidogo, na chumba cha mabati cha mtaa wa Nyalenda kilichopigwa jua mchana kutwa hakipoi upesi. Kuoga jioni na dirisha wazi lenye wavu husaidia. Disko matanga inayopiga muziki hadi alfajiri haina dawa ya nyumbani. Nakuru, iliyo juu zaidi na yenye baridi, hatari ni jiko la makaa lililoingizwa chumbani. Familia ikiamka na maumivu ya kichwa yanayoisha wakitoka nje, hiyo ni gesi isiyoonekana ya kaboni monoksidi, na inaua. Kijana anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini apelekwe aangaliwe tonsili. Huyo halali, ingawa macho yamefumba.

Simu, basi? Mwanga wake huchelewesha melatonini, lakini kwa maoni yangu kinachokesha na kijana ni yale yaliyomo: ujumbe unaosubiriwa, video inayofuata, matusi ya kwenye kundi la darasa. Ilale sebuleni, pamoja na ya baba.

Na kuna uchovu wa moyo. Msongo na sonona kwa vijana mara nyingi havionekani kama machozi. Huonekana kama hasira za haraka, alama kushuka, kulala kupita kiasi au kuamka saa tisa usiku na kushindwa kurudi. Hali hiyo ikishika wiki mbili, au kijana akizungumzia kufa hata kwa mzaha, aulizwe waziwazi na kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Simu ya bure ya watoto, 116, hupokelewa nchi nzima.

Ukienda hospitali, nenda na karatasi yenye saa alizolala na kuamka kwa wiki moja, dawa anazomeza, hata zile za mafua zinazosinzisha, na tarehe za hedhi kama ni msichana. Mpe nafasi azungumze na daktari bila wewe kuwemo. Mimba, kwa mfano, huchosha sana, na huenda asiitaje mbele yako. Kikohozi cha wiki mbili pamoja na jasho la usiku kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Na akiwa anakunywa maji bila kukoma, anaamka kukojoa mara kwa mara na nguo zinampwaya ilhali anakula, hicho huenda ni kisukari cha vijana: apimwe sukari leo, na akianza kutapika au kuhema kwa kasi, apelekwe hospitali usiku huohuo.