Karatasi moja ya stensili

Anayeingia maktaba ya chuo kikuu hakuja kutazama maonyesho. Amekuja kutafuta kitabu, au meza yenye utulivu, au pa kuchajia simu. Kwa hiyo ninapoandaa maonyesho ya historia ya haki za kiraia hapa Marekani sianzi na picha kubwa ya Martin Luther King. Ameshaiona, atapita. Naanza na karatasi.

Safari hii ni tangazo la mgomo wa abiria Weusi kupanda mabasi ya Montgomery, Alabama. Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, alikamatwa jioni ya tarehe 1 Desemba 1955. Usiku huohuo Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza wa Alabama State College, alikwenda chuoni, na kwa msaada wa mwenzake mmoja na wanafunzi wawili wakarudufu kwa stensili, karatasi ya nta inayopitisha wino kwenye mashine, makumi ya maelfu ya nakala, kila karatasi ikibeba tangazo lilelile mara tatu. Waliofanya mitihani ya stensili wanaikumbuka kazi hiyo, na wino unaogoma kutoka vidoleni. Asubuhi aliingia darasani kufundisha, ndipo akaenda kusambaza. Mgomo ulioitishwa kwa siku moja ulidumu siku 381.

Sasa lisome tangazo lenyewe. Limemtaja Claudette Colbert, ambaye alikuwa mwigizaji wa filamu. Aliyekusudiwa ni Claudette Colvin, binti wa miaka 15 aliyekamatwa Machi mwaka huohuo kwa kukataa kuachia kiti. Niliombwa nisahihishe jina kwenye nakala yetu, nikakataa. Kosa lile linaonyesha walivyokuwa wakikimbizana na alfajiri. Jina sahihi liko kwenye maelezo ya pembeni: maneno yasiyozidi 60, maandishi makubwa, kwa kimo ambacho hata aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu anasoma bila kuinua shingo.

Magazeti halisi ya miaka ile yana taabu yake. Karatasi yake ina asidi. Mwanga huigeuza manjano, ikaanza kumeguka, na ikishameguka basi. Taa za kabati la kioo hazizidi luksi 50, yaani mwanga hafifu, na baada ya miezi mitatu gazeti linarudi kwenye boksi lake.

Picha za watu wakipigwa ziko nyuma ya ukuta, na ilani mbele yake. Hao ni wazazi na babu za watu wanaosoma humu.

Mlangoni nimeweka meza yenye rundo la nakala ambazo hazijakatwa, na mkasi. Ukitaka tangazo moja, lazima ukate yote matatu. Mawili yanayobaki, mpe mwenzako.