Kupamba ofisi ya nyumbani: yanayoaminika na yanayosaidia kazi kweli

Wengi wanaofanyia kazi nyumbani huanza kupamba ofisi yao dukani: rangi, fremu za picha, taa za utepe, majani ya plastiki ya kubandika ukutani. Kwa mwenye chumba Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ningeshauri aanze saa nane mchana. Akae tu chumbani aangalie jua linaingilia wapi, upepo unatokea wapi, na kelele za nje zinafika kwa nguvu gani. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kazi itakamilika au utaishia kuhamia kibarazani. Pambo linaloyashughulikia ni pambo la kazi. Mengine ni urembo, na urembo ni haki ya kila mtu, ila usiuziwe kwa jina la tija.

“Meza ikae dirishani, mwanga ndio kila kitu”

Mwanga wa jua ni mzuri kuliko taa yoyote, lakini kuna kukaa nao vizuri na kukaa nao vibaya. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa kazi za kusoma na kuandika ofisini ni luksi 500 juu ya meza (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Nje, jua la mchana linafika luksi 100,000. Ukilitazama dirisha, jicho linahangaika kati ya weupe wa nje na skrini iliyo mbele yako, na jioni kichwa kinauma. Ukilipa mgongo, skrini inageuka kioo. Dirisha liwe ubavuni, na kwa anayeandika kwa mkono wa kulia liwe kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie karatasi.

Halafu kuna suala la dirisha lipi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Pande zote mbili linakuwa juu vya kutosha, kiasi kwamba upenu wa kawaida unalizuia. Tatizo ni magharibi. Kuanzia saa tisa jua linashuka, linaingia chumbani moja kwa moja, na ukuta wa tofali za saruji unalihifadhi joto hilo na kulirudisha ndani mpaka usiku. Kama una vyumba viwili vya kuchagua, chumba cha magharibi kifanye cha kulala wageni, ofisi iende mashariki.

Hapa ndipo watu wanaponunua pazia zito jeusi wakidhani linazuia joto. Linazuia mwanga. Joto lenyewe limeshapita kwenye kioo, pazia limelinyonya, na sasa linalitoa ndani ya chumba. Kivuli kinachofaa ni cha nje: mkeka wa ukindu au pazia la mianzi likining'inizwa barazani, au mti. Likibidi la ndani, liwe jeupe.

Upepo nao una majira yake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi. Kabati la vitabu lililoziba dirisha la upande mmojawapo kati ya hizo, hata lingekuwa la mninga safi kutoka kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, limekunyima hewa ya miezi mingi. Panga boi linasaidia sana, ila linampoza mtu, halipozi chumba, ukitoka, zima. Na angalia taa isiwe juu ya mapanga yake. Ikiwa juu, kivuli cha mapanga kinakatakata mwanga mezani, na baada ya nusu saa utajikuta unafumba macho bila kujua sababu.

“Bluu inaleta utulivu, nyekundu inaleta kasi”

Imani hii ina chanzo cha kueleweka. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, Ravi Mehta na Rui Zhu, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba nyekundu inasaidia kazi za kuangalia undani na bluu inasaidia ubunifu. Habari ikaenea. Isiyoenea ni kwamba mwaka 2014 mtafiti mwingine, Kenneth Steele, alirudia sehemu ya jaribio hilo na hakupata matokeo yale.

Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba rangi nyepesi inarudisha mwanga mwingi chumbani na rangi nzito inaumeza. Chumba kidogo chenye dirisha moja, kikipakwa kijivu cha mkaa kama kwenye picha za mtandaoni, kitakulazimisha kuwasha taa mchana kweupe. Mng'ao pia una uzito kuliko watu wanavyodhani. Fundi atakuambia, “Dada, chukua hii ya kung'aa, inafutika na kitambaa.” Anasema kweli, na jikoni msikilize. Lakini ukuta ulio nyuma ya kiti chako ukiwa unang'aa, utajirudia kwenye skrini siku nzima. Hapo paka isiyong'aa.

Zile sponji za kubandika zenye sura ya matofali nisingezishauri mahali popote karibu na bahari. Ukuta wenye unyevu unahitaji kupumua. Ukiubandika, ukungu unaota kwa nyuma na harufu inakuja kabla hujauona.

“Mimea inasafisha hewa”

Usemi huu umetokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989. Mimea iliwekwa kwenye masanduku madogo yaliyofungwa kabisa, na kweli ilipunguza baadhi ya kemikali. Chumba chako hakijafungwa hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya tafiti za aina hiyo na kukokotoa kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na mzunguko wa kawaida wa hewa, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa tatu kingetaka vyungu 90 kwa uchache. Fungua dirisha.

Weka mmea kwa sababu jicho linaupenda, hiyo inatosha. Ila mwaga maji yanayobaki kwenye kisahani chini ya chungu. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji machache kama hayo na huuma mchana, chini ya meza, wakati wewe uko kazini. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.

“Trei za mayai zinazuia kelele”

Hazizuii. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, basi, na zinashika moto haraka. Kelele za bodaboda zinaingia kwenye nafasi zilizo wazi: chini ya mlango, kwenye vioo vya dirisha visivyofunga sawasawa. Ziba hizo kwanza.

Mwangwi ni jambo lingine, na unadhuru zaidi kwa wenye vikao vya mtandaoni. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaendelea baada ya mikono kutulia, vigae, ukuta wa lipu na dari la jipsamu vinarushiana sauti. Dawa yake ni vitu laini na vitu visivyo sawa: zulia au jamvi chini, pazia la kitenge lenye mikunjo mingi, rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti. Hapa urembo na kazi vinakutana, na vitenge viwili vya sokoni vinatosha kuanzia.

“Taa nyeupe zaidi ndiyo inayoangaza zaidi”

Herufi K kwenye boksi la balbu inaeleza rangi tu: 2700K ni umanjano, 6500K ni weupe wenye ubuluu. Kiasi cha mwanga kinasomwa kwenye lumeni. Kwa kazi ya usiku chukua 3000K au 4000K, maana mwanga wenye ubuluu unachelewesha usingizi.

“Kiti cha bosi ndicho kiti cha kazi”

Ngozi ya bandia kwenye joto la Februari inatoa jasho mgongoni, na baada ya muda inachunika. Kiti cha mbao chenye mto wa pamba kinafaa zaidi kama vipimo ni sahihi: viwiko vikunjwe kwa pembe mraba juu ya meza, ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Meza nyingi zina urefu wa sentimita 75 hivi, na kwa mtu mfupi hiyo ni juu mno. Fundi seremala anakata miguu ya meza kwa muda mfupi. Kama meza si yako, inua kiti na uweke kigoda chini ya nyayo.